Msukule Mwenye Ulimi: Kukataa kwa Junko Konno katika Zombie Land Saga

Mtafsiri wa Kiswahili akikabidhiwa Zombie Land Saga, anime ya Kijapani iliyorushwa mwaka 2018 chini ya uongozaji wa Munehisa Sakai, atakwama kwenye neno la kwanza la anwani. "Mzuka" halitoshi, kwani mzuka hauna mwili wa kutoa jasho. Lililo karibu zaidi ni "msukule": mtu anayedhaniwa kuwa amezikwa, kumbe amefichwa amtumikie aliyemchukua, na ulimi wake, kama isimuliwavyo, umekatwa asiweze kusema.

Tukilikubali neno hilo, kazi hii inasomeka upya. Kotaro Tatsumi anawafufua wasichana saba bila ridhaa yao, anawaweka katika jumba moja mkoani Saga na kuwafanya kundi la waimbaji. Jukwaani vipodozi huficha ngozi ya maiti, na majina yao hubadilishwa kwa namba. Anayeishia kwenye vichekesho, navyo ni vingi, hataliona hili.

Uzito wake unadhihirika kwa Junko Konno, namba nne, nyota aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1983. Anapotakiwa kupiga picha na mashabiki, anakataa. Katika enzi yake mwimbaji alitazamwa kwa mbali. Ai Mizuno, namba tatu, aliyeuawa na radi jukwaani mwaka 2008, anamshangaa, kwa kuwa kwake shabiki ni shahidi wa makosa na ukuaji wa msanii. Ni rahisi kuuita mgogoro huu pengo la vizazi. Kwa maoni yangu ni zaidi ya hapo. Junko hakatai kazi ya kuimba. Anakataa ukaribu wake kugeuzwa bidhaa. Ndiye msukule aliyebaki na ulimi, na anautumia kusema hapana.

Ndiyo maana sehemu ya saba inanitatiza. Radi inawapiga tena jukwaani, na kwa kuwa wamekwisha kufa haiwadhuru, ila sauti zao zinatoka zimegeuka, kana kwamba zimepitishwa kwenye mtambo. Umati unashangilia, na hadithi inashangilia pamoja nao. Kwa Ai, aliyeihofia radi, huo ni ushindi halali. Kwa Junko je, ambaye sauti ndiyo mali pekee aliyotoka nayo kaburini?