Askari Ana Faili, Mbebaji Ana Soko

Karibu kila mtu niliyeongea naye kuhusu Afterlives ya Abdulrazak Gurnah amelalamikia mwisho wake. Riwaya hiyo ilitoka 2020, mwaka mmoja kabla ya Gurnah kupewa Nobel, na sehemu yake kubwa inaenda polepole. Hamza anarudi kutoka vitani akichechemea, anapewa kazi kwa mfanyabiashara, anajifunza useremala, anampenda Afiya. Alafu kwenye kurasa chache za mwisho miaka inapita mbio kama matatu ya usiku. Mwandishi alichoka ama?

Mimi nasema hapana. Ule mwisho ndio kitu kigumu zaidi kwenye kitabu. (Nitauharibu hapa, so kama hujasoma, jipange.)

Ilyas, kakake Afiya, anajiunga kwa hiari yake na jeshi la Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na hawamwoni tena. Miaka ya 1960, mpwa wake aliyepewa jina lake anapata nafasi ya masomo Ujerumani Magharibi na kuanza kumtafuta. Anachokuta ni vipande: mjomba alifika Ujerumani, aliimba, aliomba medali ya vita akanyimwa, aliandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, akafia kambi ya Sachsenhausen.

Angalia lugha inavyobadilika. Kwa Afiya, Ilyas ni kaka aliyemfundisha kusoma na kuandika. Kwenye nyaraka ni mtu wa fomu. Sentensi zinakauka kwa sababu hapo anayeongea ni faili, na faili haijui alikuwa anachekaje.

Gurnah hakutoa hayo hewani. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904 na kutumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Alienda Berlin 1929, akafanya kazi ya weita, akafundisha Kiswahili, akapata vijisehemu kwenye filamu. Alidai mshahara wa vita uliobaki, wake na wa babake. Hakulipwa. Alikufa Sachsenhausen mwaka wa 1944.

Mbona tunajua haya yote kuhusu weita? Kwa sababu alidai. Kila dai lilikuwa barua, na kila barua iliingia kwenye faili. Serikali iliyomnyima hela ndiyo hiyo hiyo ilimwekea kumbukumbu. Mtu wa kazi za mkono huingia kwenye nyaraka akidai, akishtakiwa, ama akifia mikononi mwa dola. Riwaya inaelewa hilo vizuri, na haijifanyi kwamba faili ni maisha.

Lakini nina ugomvi nayo. Inatufanya tuamini kwamba ukitafuta vya kutosha, utapata. Ilyas alikuwa askari, na alijua kusoma na kuandika. Wabebaji, wale waliobeba chakula na risasi, wanapita kwenye riwaya wakiugua, wakitoroka, wakifa. Gurnah anawaona, ila hakuna hata mmoja anayemfuata hadi kwao.

Sisi wa Nairobi tunajua walipoachwa. Carrier Corps ya Waingereza imebaki kwenye ulimi kama Kariokor, soko la vyondo na nyama choma. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za wanaume watatu, mmoja wao mbebaji, na maandishi yanayoahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Tafuta jina hata moja pale. Hakuna. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, ama hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hivyo familia nyingi zimebaki na sentensi moja tu: alienda vita vya Mjerumani, hakurudi. Hakuna Berlin ya kuandikia barua.

Hapo ndipo narudi kwa Afiya. Utafutaji wa mpwa haukuanzia kwenye makabati ya Ujerumani. Ulianza nyumbani, kwa dada ambaye hakuacha kuuliza, na kwa mtoto aliyepewa jina la aliyepotea. Jamii nyingi za hapa hufanya vivyo hivyo. Jina la babu linashuka kwa mjukuu, na rika lake linakuambia alitahiriwa miaka gani. Hiyo pia ni kumbukumbu, na wanaoweza kuisoma wanazidi kuzeeka. Wikendi hii muulize cucu, ama dani, ama susu, uliitwa jina la nani na huyo naye aliitiwa nani. Huenda jina ambalo sanamu iliahidi na haikuandika liko kwenye kitambulisho chako.