Kizuia Joto au Kihamijoto? Uhakiki wa Istilahi Mbili

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake tu, bali kwa jinsi inavyomwongoza msomaji kwenye maana iliyokusudiwa. Neno likiwa safi katika sarufi lakini likampa msomaji picha isiyo ya kweli, halijafanya kazi yake. Makala haya yanachunguza maneno tunayoyatumia kutaja vitu ambavyo joto hupita ndani yake kwa shida. Hoja yetu ni kwamba istilahi "kizuia joto" hupotosha, na kwamba "kihami", ambayo ni bora zaidi, haijitoshelezi ikisimama peke yake.

Tuanze na lugha ya kila siku, kwa kuwa msomaji huja nayo kabla hajafundishwa istilahi yoyote. Mkulima wa Njombe anayelishika jembe lililolala nje usiku kucha husema kwamba chuma ni baridi na mpini una nafuu. Kwa kipimajoto, vyote viwili vina halijoto moja. Tofauti ni kwamba chuma hulichukua upesi joto la kiganja na kulisambaza, ilhali mti huliachia lipite polepole. Kadhalika twasema kwamba blanketi lina joto, ingawa blanketi halizalishi joto lolote. Hewa iliyonaswa katika nyuzi zake ndiyo inayochelewesha joto la mwili. Muuza barafu naye hufunika barafu yake kwa gunia na unga wa mbao. Kifuniko cha namna hiyo, ambacho kingempa mtu joto, huikinga barafu isiyeyuke upesi.

Semi hizi si makosa, wala hatupendekezi zifutwe. Lakini mwalimu na mfasiri wasizichukue kuwa ndiyo maelezo ya fizikia. Joto na halijoto ni mambo mawili, na baridi si kitu kinachosafiri. Linalosafiri ni joto, nalo lenyewe hutoka kwenye halijoto ya juu kwenda kwenye halijoto ya chini.

Sasa tuitazame "kizuia joto". Kuzuia ni kufanya kitu kisipite. Je, kipo kitu chenye sifa hiyo? Shaba hupitisha joto kwa kiasi cha wati 400 kwa mita kwa kila digrii moja, alumini 240 hivi, chuma 80, kioo 1 hivi, mbao kati ya 0.1 na 0.2, na hewa iliyotulia 0.026. Tofauti baina ya shaba na hewa ni kiasi cha mara 15,000, lakini hakuna penye sifuri. Hata chupa ya chai, ambayo kuta zake zina ombwe katikati, huliacha joto lipite kwa mnururisho, na ndiyo sababu kuta hizo hupakwa rangi ya fedha. Chai ya usiku hupoa hata hivyo. Kwa hiyo tunazungumzia wepesi na uzito wa kupitisha, si kupitisha na kutopitisha.

Yamkini msomaji ataona kwamba huku ni kuchambua maneno kupita kiasi. Basi na tulitazame kasha la kubebea chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Mfasiri wa maelekezo akiandika kwamba "kuta za kasha hili huzuia joto", mhudumu wa zahanati ana haki ya kuamini kwamba kasha likifungwa, kazi imekwisha. Akiandika kwamba "kasha hutunza baridi", mhudumu huyo ana haki ya kudhani kwamba baridi ikizidi ndiyo heri, ilhali chanjo ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Tungo inayofaa ni hii: "Kuta za kasha hupunguza kasi ya joto kuingia, vifurushi vya barafu hufyonza joto linaloingia, halijoto ya ndani isishuke chini ya nyuzi 2 wala isipande juu ya nyuzi 8." Tungo hii ni ndefu zaidi, lakini haimwachi mtu akabeba dawa iliyoharibika.

"Kihami" latokana na kitenzi hami, yaani kukinga au kulinda. Ubora wake ni kwamba kukinga kuna viwango, wala hakumwahidi mtu kwamba hakuna kitakachopenya. Wapo wanaolilaumu neno hili kwa ugeni wake, wakisema kwamba "kizuia" laeleweka mara moja. Ni kweli laeleweka mara moja, lakini linaloeleweka ndilo kosa lenyewe.

Upungufu wa "kihami" uko kwingine. Fundi umeme hulitumia kwa vikombe vya kauri vilivyo juu ya nguzo, na mwalimu wa fizikia hulitumia kwa mbao. Vitu vingi huhami yote mawili, joto na umeme, ila si vyote. Almasi, kama zile zichimbwazo Mwadui, kwa kawaida haipitishi umeme, lakini hupitisha joto kuliko shaba kwa takriban mara tano. Je, almasi ni kihami? Swali hilo halina jibu mpaka tuseme kihami cha nini.

Kwa hiyo tunapendekeza kihamijoto na kihamiumeme kwa upande mmoja, na kipitishi joto na kipitishi umeme kwa upande wa pili. Katika vitabu vya elimu ya watu wazima na maelekezo ya vifaa, istilahi itanguliwe mara ya kwanza na maelezo haya: "kitu kinachopitisha joto polepole". "Kizuia joto" kiachwe kabisa katika maandishi ya shule na ya afya.