Chanjo na Ushairi wa Kuamrisha

Januari 2021 Rais John Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za UVIKO-19. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo, mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Baina ya mawili hayo raia alibaki na wasiwasi wake.

Tungo nyingi za kuhimiza chanjo zilimjia raia huyo kwa amri na kejeli. Vina vimetimia, mizani imetimia, lakini mtu hayumo. Hayumo bibi anayeuliza: dawa iliyopatikana ndani ya mwaka mmoja itaaminiwaje? Swali hilo si ujinga, na jibu lake lipo: mbinu ya chanjo ya Janssen iliwahi kutumika katika chanjo ya Ebola, na majaribio yake yalihusisha watu zaidi ya 40,000.

Tunao urithi wa kujibizana tangu zama za Muyaka, Mombasa na Lamu ziliposhindana kwa beti. Mjibuji hodari huanza kwa kulisikiliza neno la mwenzake. Washairi wetu walimkemea bibi kabla ya kumsikiliza. Naye, kwa heshima zake, akanyamaza na asende kuchanjwa.