Mwizi Mcheshi Mikononi mwa Mtafsiri

Mpenzi wa filamu anayeishi Kamembe ana nafasi nzuri ya kuchagua. Mji huu wa Wilaya ya Rusizi unatazamana na Bukavu, na Kiswahili kilikuwa kinywani mwa wafanyabiashara wake wa mpakani miaka mingi kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Filamu ya nje anaweza kuisikia ikitafsiriwa kwa sauti juu ya picha, kwa Kinyarwanda, yaani agasobanuye, au kwa Kiswahili cha ma-DJ wa Tanzania na Kenya. Anayeelewa lugha zote mbili asikubali kuuziwa tafsiri mbovu.

Mtafsiri mimi humpima kwa vichekesho vya mwizi mwenye haiba anayesaka maisha mazuri. Kwenye filamu ya ngumi hata asiyejua kazi hupita: steringi anapiga, adui anaanguka, watu wameelewa. Silaha ya mwizi mcheshi ni mdomo. Sentensi moja ikipotea, wizi wote haueleweki na kicheko kinakufa.

Chukua Bunty Aur Babli, filamu ya Kihindi ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Shaad Ali. Rakesh, anayeigizwa na Abhishek Bachchan, ni kijana wa mji mdogo ambaye baba yake anataka aajiriwe reli. Yeye anataka utajiri. Vimmi, yaani Rani Mukerji, anaota kuwa Miss India. Wote wawili wanatoroka kwao. Wanatapeliwa, wanajifunza, kisha wanatapeli wao, hadi wanamuuzia mgeni tajiri Taj Mahal.

Hapo kwenye Taj Mahal ndipo pa kutega sikio. Binti amejifanya waziri, mgeni ameingia mtegoni, na sisi watazamaji tunajua kila kitu. Mtafsiri fundi humtolea sauti ya uwaziri, ya madaha na maneno ya ofisini, lakini ndani yake bado unamsikia yule msichana wa mji mdogo anayefurahi kwamba uongo umekubalika. Mtafsiri mbovu hana subira. Anakatiza: "Hapa wanamuibia huyu!" Ameshakula utamu wote, mtazamaji amebakiwa na habari tu.

Kuongeza vya nyumbani si kosa. Marehemu Yanga, yaani mtafsiri Nkusi Thomas, aliyefariki mwaka 2022, aliwazoesha Wanyarwanda wengi kucheka na mtafsiri mwenyewe, na mdogo wake Junior Giti naye akawa jina kubwa katika kazi hiyo. Rupia zikigeuzwa faranga, sawa. Mji wa akina Rakesh ukifananishwa na Bugarama, sawa pia, maana kijana wa Bugarama anayeitamani Kigali ataijua njaa ile mara moja. Ila Taj Mahal iachwe ilivyo. Kichekesho kimesimama juu ya jambo moja: kila mtazamaji anajua jengo lile haliuzwi. Ukiligeuza ghorofa la mjini, umebaki na udalali wa kawaida.

Kisha angalia kama mtafsiri anajua kunyamaza. Katika wimbo wa Kajra Re, Amitabh Bachchan, polisi anayewasaka wezi hawa, anacheza pamoja na mwizi wake, na nje ya filamu yeye ndiye baba mzazi wa Abhishek. Sura zao zinatosha. Mtafsiri anayejaza dakika hizo salamu za marafiki zake anatunyima kitu tulichokilipia, na mimi hilo simsamehe.

Usisahau mwisho. Wengi huuharakisha kwa sababu mbio zimekwisha, kumbe ndipo filamu inapotoa hukumu: mtoto amezaliwa, wazazi wanataka kuacha wizi, polisi anawaachia, na baadaye anawarudia awatumie kukamata matapeli wengine. Maneno ya pale yakimezwa, mtazamaji anaondoka akidhani wizi ulilipa tu. Sauti ya polisi inapaswa kubeba uchovu na huruma kwa pamoja, na hapa ndipo nimewasikia wengi wakishindwa.

Kwa hiyo kabla hujajaziwa memori kadi, mwambie muuzaji akufungulie kipande kimoja ambacho mwizi anadanganya mtu. Usiangalie picha, sikiliza. Kama unamsikia mwizi na unasikia pia anachokificha, ichukue. Kama unamsikia mtafsiri peke yake, mwombe nakala ya mwingine.