Kaburi Bila Jina: Fundisho la Wayahudi kwa Sisi wa Bogoro

Tukitaja makaburi ya Wayahudi, wengi watauliza: maneno hayo yanatuhusu nini sisi wa Ituri? Yanatuhusu.

Wayahudi wa Lubumbashi, ambao sinagogi yao ilifunguliwa mwaka 1930, wengi walitoka kisiwa cha Rhodes. Mwezi wa 7 mwaka 1944 Wajerumani walikamata ndugu zao waliobaki kule, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi ni wachache tu. Maiti za kuzika hazikuwapo. Lakini ndani ya sinagogi ya Rhodes majina ya jamaa zile yameandikwa ukutani, na wafu wanaombewa kila mwaka. Asiye na kaburi anabaki na jina.

Maziko yao hayana makuu. Maiti inaoshwa, inavikwa sanda nyeupe isiyo na mfuko, tajiri na maskini sawasawa, na haikawishwi kuzikwa. Kisha wafiwa wanakaa nyumbani siku 7, watu wanakuja kuwafariji. Anayetembelea kaburi anaweka kijiwe juu yake.

Sasa tujitazame. Bogoro, kilometa kama 25 toka Bunia, ilishambuliwa tarehe 24/2/2003. Ripoti zilisema walikufa zaidi ya 200. Wengi walifukiwa pamoja, bila msalaba. Mwaka 2014 mahakama ya La Haye (CPI) ilimhukumu Germain Katanga, na mwaka 2017 ikaamua wahanga 297 wapate dola 250 kila mmoja, malipo ya ishara tu. Hesabu tumezishika kichwani. Na majina je?

Hapo ndipo tunalaumu desturi ya siku hizi, na sisi wenyewe tumo. Matanga ya mjini ni sanduku la bei kali, mashati yenye picha ya marehemu, bia na muziki. Jamaa inabaki na deni. Lakini wale wa shimoni tunawaita tu "wafu wa Bogoro". Ni haki kweli?

Hatusemi tuige yote. Mjomba akiwa njiani toka Aru, sharti angojewe. Tena matanga yetu hayamwachi mjane peke yake. Hilo ni jema, tulishike. Tunaomba jambo moja: wazee wangali hai, kila jamaa iandike majina ya watu wake, yasomwe kila tarehe 24 mwezi wa 2. Vijiji vingine vifanye vilevile, bila kuuliza kabila. Daftari ni rahisi kuliko sanduku.