Ustadi Ulio Chini ya Nyayo

Azuruye Makumbusho ya Wasukuma hapa Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, huziona ngoma za watemi zilivyotunzwa kwa taadhima, na aghalabu hutoka akidhani kwamba kinachostahili kuhifadhiwa ni kile kilichoguswa na mkono wa mtawala. Ilhali majengo yaliyowastiri watu wote katika haja zao za mwili nayo yamebeba elimu kubwa.

Tuitazame hamamu ya Unguja, iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake. Aliijenga Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, kwa ustadi wa Haji Gulamhussein, nayo ikawa ya umma: mna mahali pa kunyolewa, vyoo, mabirika ya maji, na chumba cha joto ambacho sakafu yake ilipashwa moto kutoka chini, hata mwogaji akaihisi kazi ya fundi kwa nyayo zake bila ya kuiona kwa macho. Mnamo 1920 hivi ikaacha kutumika. Leo wageni huitembelea kama athari ya kale, na mabirika yake ni makavu.

London walishika njia nyingine. Huko, karne ya 19, vyoo vingi vya umma vilichimbwa chini ya barabara kwa ajili ya stara, na kimoja cha wanaume katika Foley Street, cha takriban 1890, kilichofungwa miaka ya 1960, kilifunguliwa 2013 kuwa mkahawa wa kahawa uitwao Attendant. Mafundi hawakuyang'oa mabeseni ya kauri ya kukojolea, kazi ya kiwanda cha Doulton, bali waliyasugua yakatakata, wakapitisha ubao wa meza, na kila mnywaji akapata kikao chake baina ya kuta mbili za kauri.

Hamamu imehifadhi umbo zima pasipo kazi. Choo kimepata kazi mpya pasipo kuificha ile ya zamani. Hukumu yangu ni kwamba njia zote mbili ni halali, maadamu kile kinachoshuhudia kazi ya kwanza hakikung'olewa. Basi, ewe msomaji wa Mwanza, ukikabidhiwa jengo kuukuu ulikarabati, usianze na rangi ya ukuta: fukua kwanza mfereji, uchunguze maji yalipita wapi, kisha ndipo uamue cha kubadili.