Kifaa kinachosema 'yeye anguka'

Juzi niliketi na mpwa wangu wa miaka sita tukisoma kitabu cha Sungura na Fisi. Mtoto huyu ana mtindio wa ubongo. Haneni kwa kinywa. Hugusa picha kwenye tableti, nayo humsemea. Tulipofika pale Fisi anapotumbukia shimoni, akagusa picha tatu. Tableti ikatamka: "Yeye anguka chini."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Hicho si Kisetla, kile Kiswahili cha mlowezi na mtumishi wake? Kosa si la mtoto. Aliyetayarisha programu alichukua jedwali la Kiingereza, ambamo nafsi na kitenzi ni maneno mawili, akatafsiri kitufe kimoja kimoja. Kiswahili hakijengwi hivyo. "Ameanguka" ni neno moja lililobeba nafsi, wakati na tendo. "Hataanguka" limeongeza na ukanushi. Ukivua viambishi umebaki na gofu. Afadhali vitufe vichache vya maneno kamili: ameanguka, anakuja, sitaki.

Nasi tunaowasomea tuna letu. Kila ukurasa, "Huyu nani? Ana rangi gani?" Huo ni mtihani jamani, si hadithi! Wazee walituachia "Paukwa", na mtoto ana zamu yake ya kujibu. Basi nikarekodi "Pakawa!" kwenye kitufe kimoja kikubwa, kwa sauti ya nduguye. Jioni hiyo alikibonyeza kabla sijamaliza kutamka langu, akakibonyeza tena na tena, hadi mamake akatufukuza tukalale.